Hodi Tatu Mlangoni kwa Kache

Mzee Nahashon alisimama kanisani Jumapili moja ya mwaka 1987 akatuambia kwamba sisi watu wa Kisumu Ndogo, mtaa wetu hapa Malindi, tunaipenda ile filamu ya dansi kwa sababu ya uvivu na tamaa ya macho. "Wazungu wawili wanakumbatiana na kuzunguka kama kuku aliyekatwa shingo," alisema, "nanyi mnashangilia!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa na Kache benchi la tatu, nikamwona akiitazama mikono yake, ile mikono yenye alama za pasi mpaka kwenye viwiko. Nilitamani kusimama nimjibu yule mzee mbele ya mchungaji. Sikusimama, na jambo hilo linanikera mpaka leo. Basi nitamjibu hapa, na kwa kuwa hapa hakuna wa kuninyamazisha, nitamjibu kwa nafasi.

Lakini kwanza mjue Kache ni nani, maana Nahashon alisali naye miaka minane asimjue.

Kache alizaliwa huko ndani, upande wa Marafa, kwa wakulima wa mahindi na mihogo. Aliolewa na Mwambire, mtunza bustani wa hoteli moja ya ufuoni, akaja naye Malindi, na Mwambire akamwombea kazi ya udobi katika hoteli hiyo hiyo. Hapo ndipo nilipomkuta mimi, Mumbua, Mkamba wa Machakos niliyeteremka pwani mwaka 1979 nikidhani nitakaa miezi sita. Tukasimama meza moja, yeye na pasi yake na mimi na yangu, tukinyoosha mashuka ya watu wanaoyalalia usiku mmoja na kuyalalamikia asubuhi. Tulipanga nyumba moja vilevile, mlango wake ukitazama wangu, katikati ua wa kuanikia nguo. Kwangu aliingia kwa hodi. Kwake mimi nilisukuma pazia tu nikaingia, maana nilijiona ni mtu wa ndani.

Sijapata kuona mtu anayeijua pasi kama Kache. Hakuwa akitazama ule mshale wa moto ulio kwenye kishikio. Alilowesha kidole, akakigusisha chini ya pasi, akasikiliza. Kwa sauti ile alijua kama ni moto wa kitani au wa hariri. Kola ya shati aliianza kwenye ncha akaja ndani, kamwe si kinyume chake, na ukimwona mtu anaanza katikati alikuwa anageuza uso kama aliyeona ajali. Hoteli ilipotimiza miaka kumi walitoa cheti cha kazi nzuri ya udobi. Wakampa msimamizi, mwanamume ambaye angeulizwa pasi inashikwa wapi angeomba apewe muda wa kufikiri. Kache ndiye aliyeipiga pasi suti aliyokwenda kupokelea cheti hicho.

Mwaka 1986 Mwambire alishikwa na homa, na siku ya nne akafa. Walikuwa hawajajaliwa mtoto. Matanga yalipokwisha, Kache akarudi kazini, na ndipo Gona alipoanza kuja.

Gona alikuwa kaka yake Mwambire, mkubwa wake. Alikuwa na mke na shamba huko Marafa, na alikuwa na maneno yaliyopangwa tayari. Mjane ni wa nyumba, alisema. Kache aache kazi ya hoteli, arudi Marafa, awe mke wake wa pili, azae watoto waitwe kwa jina la marehemu. Kache alimjibu kwa neno moja: "Sitaki." Gona alilisikia kama unavyosikia jogoo wa jirani. Mwezi uliofuata akaja tena, na uliofuata tena. Alikuja mchana, akasukuma pazia bila kusema neno, akaketi kitandani alipokuwa akilala ndugu yake, akaagiza chai. Nimemwona kwa macho yangu Kache akitoka kuoga na kanga yake moja, akamkuta mtu yule ndani, amejinyoosha, anachokonoa meno.

Ningependa kusema nilimtetea. Hapa lazima nieleze jambo linalonitia hasira kuliko Gona na Nahashon wakiwekwa kapu moja. Mimi ndiye niliyemwambia akubali. Nilimwambia si mara moja, tena kwa upole, ule upole unaoumiza kuliko kofi. "Kache, mwanamke peke yake mjini ni nini? Asiye na mwana aeleke jiwe. Gona angalau ni damu ya mumeo." Nilimwambia hayo nikiwa nimekaa juu ya kitanda kile kile, nimeingia bila hodi vilevile. Alikuwa ananyoosha shati la mgeni alilokuja nalo nyumbani. Aligeuza shati akaanza upande wa pili.

Sasa filamu.

Ndirangu, mtu wa Murang'a, alikuwa na banda lake la video nyuma ya soko dogo: makuti juu, mabati ubavuni, jenereta nje iliyonguruma kuliko wachezaji. Kila siku alionyesha karate. Kisha Kalama, aliyekuwa mhudumu wa baa katika hoteli yetu kabla ya kufukuzwa, akamletea kanda ambayo mtalii mmoja aliisahau. Filamu ilikuwa ya lugha ambayo hapana aliyeijua. Kalama aliapa anaijua, maana amewahudumia wenye lugha hiyo miaka sita. Nadhani alijua kusema "barafu", "ndimu" na "bado moja". Lakini Kalama alijua dansi. Kila Jumamosi alikuwa akibeba sinia pembeni ya ukumbi wageni wakicheza walzi na tango, na miguu yake ilikuwa imejifunza bila kumwomba ruhusa. Basi akasimama kando ya televisheni na ufito mkononi, akawasemea wachezaji kwa Kiswahili.

Mwanamke wa filamu ile alikuwa dobi. Fikirini! Hakuwa binti wa tajiri, hakuwa mrembo. Alikuwa mrefu kama mnazi, mwenye miguu mikubwa, akipiga pasi katika duka la kufulia nguo. Mwanamume alikuwa karani wa posta, mfupi, masikio yametanuka. Aliileta suti yake kwa ajili ya mashindano ya dansi, na mwanamke akaiunguza. Alama ya pasi, umbo lote, katikati ya mgongo. Siku Kache alipoiona mara ya kwanza alitoa sauti nikadhani ameumwa na siafu. "Ameiacha! Ameiacha pasi juu ya sufu!" alipiga kelele, na banda zima likageuka kumtazama. Yule karani hana suti nyingine, na mwenzake wa kucheza naye amemkimbia kwa kuona aibu. Basi dobi anakubali kulilipa deni la suti kwa kucheza naye mashindano. Hawawezi. Anamkanyaga, yeye anamgonga kidevu kwa kiwiko, wanazunguka upande mmoja wakati ukumbi wote unazunguka upande mwingine. Mwisho wanashindana na lile doa la pasi mgongoni na wanakuwa wa mwisho kabisa.

Hiyo ndiyo filamu. Wazee wawili kutoka mtaa wa Shella, waliokumbuka dansi za zamani za ukumbi wa jamii, walikuja na bakora zao kuwasahihisha wachezaji miguu. Wauza samaki walikuja, na wanawake wa mashambani walioleta maembe sokoni wakachelewa kurudi. Ndirangu alijaribu kurudisha karate wakatishia kumvunjia mabati.

Nayo sababu, Mzee Nahashon, ni neno moja alilolichagua Kalama.

Mbali na deni la suti, karani yule anamwomba dobi mara tatu katika filamu nzima acheze naye kwa kupenda mwenyewe. Anavua kofia, anainama kidogo, ananyoosha mkono, anasema maneno mawili matatu ya lugha yao. Kalama hakuyajua. Angeweza kusema, "Twende tukacheze." Angeweza kusema lolote. Lakini alimtazama yule mtu amesimama mbele ya mwanamke kama aliyesimama mbele ya nyumba ya watu, akasema kwa sauti nzito ya kipwani:

"Hodi!"

Banda likacheka. Kisha likanyamaza, kwa sababu kila mtu pwani hii, mwenye msikiti na mwenye kanisa na mwenye koma zake za mababu, anajua hodi ni nini. Hodi ni tatu. Ukipiga mara tatu usiitikiwe, unageuka unarudi ulikotoka, wala hununi, wala huchungulii dirishani. Mwenye nyumba hadaiwi sababu.

Mara ya kwanza dobi wa filamu hakuitikia. Alikuwa na hasira, mwanamume alikuwa amemcheka miguu. Karani akavaa kofia yake akaenda. Mara ya pili, katika mapumziko ya mashindano, mbele ya watu wote, akapiga hodi, mwanamke akamtazama tu. Akavaa kofia akaenda. Mara ya tatu ni mwisho, baada ya kushindwa, pale dukani kati ya nguo zilizotundikwa, hakuna muziki. Kalama akasema "Hodi!" polepole, na kabla mwanamke hajanyoosha mkono, banda zima likaitikia: "Karibuuu!" Kila Jumapili saa nane mchana tuliitikia hivyo. Ulikuwa unatusikia mpaka barabarani. Mimi nilikuwa naitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kache hakuitikia hata mara moja. Nilimshangaa, maana aliiona filamu ile mara kumi na moja. Siku moja tukirudi nikamuuliza kama hapendi pale mwisho.

"Mwisho ni mzuri," alisema. "Lakini mimi siendei mwisho."

"Waendea nini?"

"Pale anapovaa kofia." Akasimama njiani na kapu lake. "Umemwona, Mumbua? Hakuitikiwa, akaondoka. Hakusukuma. Hakumwendea mamake. Hakusema huyu ni wangu kwa sababu ya hili wala lile. Aliondoka tu."

Akaendelea, na sauti yake ilikuwa imepanda sasa, Kache ambaye hakuwa akipandisha sauti hata akiungua.

"Wajua watu husema ni mila yetu? Mila yetu huuliza! Kwetu mjane huketishwa mbele ya wazee akaulizwa, wamtaka nani hapa, ama humtaki yeyote? Nilimwona shangazi yangu akiulizwa. Alikataa wote watatu, akarudi kwa babake, na jua likachwa na likacha. Gona ameichukua mila akaikata nusu, nusu ya kuulizwa akaitupa, sasa anipiga kwa ile iliyobaki."

Hayo hakuyajua Nahashon alipotusemea kuku aliyekatwa shingo. Wala hakuuliza. Watu hawa wawili, Nahashon na Gona, walikuwa hawajaonana hata siku moja, na bado ningeapa ni pacha.

Wiki mbili baada ya mahubiri yale, siku ya Jumamosi, Gona akaja kumchukua. Safari hii hakuja peke yake. Alikuja na mzee mmoja wa ukoo, Lewa, mwenye kofia ya kiua iliyochakaa, na kijana mwenye mkokoteni wa kubebea vitu. Mkokoteni! Mimi nilikuwa mlangoni kwangu nikichambua mchicha. Uani kulikuwa na watu wengi, maana ni siku ya kufua, na Kalama alikuwa amekuja kumwomba mtu pasi ya makaa. Gona akapita kati ya nguo zilizoanikwa, akasukuma pazia la Kache, akaingia. Mzee Lewa akabaki nje, akaangalia chini. Nilimwona alivyoangalia chini.

Tukasikia sauti ya Kache, wala haikuwa kubwa.

"Mlamu, umeingiaje?"

"Nimeingiaje? Hii nyumba ya ndugu yangu. Nipige hodi kwa ndugu yangu?"

"Ndugu yako yuko kaburini, na huko hukupiga. Hapa nalipa kodi mimi. Toka."

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Kache alimwambia.

"Wasema nini?"

"Nimesema toka. Nenda nje ya mlango, upige hodi kama watu. Ukitaka neno nami, lianzie hapo."

Gona akatoka akicheka. Alicheka akitutazama sisi, mmoja mmoja, ili tucheke naye, na sijivunii kwamba mwanamke mmoja pale kambani alitabasamu. Nadhani alidhani ni madoido ya mwanamke, anataka apewe heshima kidogo mbele ya watu kisha afunge virago. Mzee Lewa akamwambia taratibu, "Mwanangu, hodi ni hodi. Piga." Gona akajiweka sawa shati. Ndani, Kache akashusha pazia mpaka chini.

"Hodi!" akasema Gona, kwa dhihaka.

Kimya.

Mtu asiyekaa pwani hajui kimya hicho ni kizito namna gani. Hodi ikipigwa, ulimi unaitikia wenyewe, hata ukiwa umelala. Hata nyumba si yako, unaitikia. Nilihisi "karibu" imenijia mpaka kwenye meno, nikaiuma. Mama mmoja alikuwa ameshafungua kinywa. Kalama akamnyooshea kidole, akatikisa kichwa. Hapo ndipo wote tulipofahamu. Niliona habari hiyo ilivyopita uani, kutoka uso mpaka uso: makarai yakaachwa, mtu akafunga bomba.

"Hodi," akasema Gona mara ya pili, na dhihaka ilikuwa imepungua.

Kimya. Nyuma ya pazia niliona vidole vya miguu ya Kache. Alikuwa amesimama hapo hapo, shubiri moja kutoka kwa yule mtu, hakurudi nyuma.

Gona akatutazama tena. Sasa hakuna aliyetabasamu. Akamgeukia Mzee Lewa. "Waona? Waona kiburi hiki?" Gona akasogea mpaka pua yake ikakaribia kitambaa, akainua mkono, na nilifikiri atasukuma. Nilishika kisu changu cha mchicha na sijui nilitaka kukifanyia nini.

"Kache! Hodi!"

Hiyo ilikuwa ya tatu, na kila mtu uani aliihesabu.

Kimya.

Mzee Lewa hajawahi kuiona ile filamu. Alikuwa mkulima wa Marafa, hajui video ni kitu gani. Alikuwa ameivua kofia yake ya kiua na kuishika mkononi muda wote ule, kwa haya. Akaikung'uta, akaivaa. "Tatu," akasema. "Twendeni."

Kalama alitoa mguno kama mtu aliyepigwa tumboni. Mzee akatangulia, mkokoteni mtupu ukafuata ukigongagonga mawe. Gona alibaki. Alisema maneno ambayo sitayaandika, aliyasema kwa pazia, na pazia halikumjibu. Kisha akajikuta yu peke yake kati ya mashuka ya watu, wenzake wameshamwacha, akaenda. Hakurudi mwezi uliofuata, wala uliofuata.

Nilidhani watu watashangilia kama kule bandani. Hawakushangilia. Waliinama wakaendelea kufua, na wengine wakageuza nyuso, kwa sababu si mimi peke yangu niliyemshauri akubali. Karibu nusu ya ua ule ilimshauri. Siku hizi wanaisimulia kama kichekesho, Gona na mkokoteni wake, na kila mmoja anajisimulia kwamba alikuwa upande wa Kache tangu mwanzo. Waongo. Nawajua kwa majina.

Mimi niliweka kisu chini, nikavuka ua ule, hatua kumi na mbili, nipate kumkumbatia. Nilifika, mkono wangu ukashika pazia kama ulivyolishika miaka minane, na ukaganda hapo. Nikaliachia. Nilijichukia kuliko ninavyoweza kueleza.

"Hodi," nikasema.

Hakuitikia. Nilimsikia akipumua.

"Hodi, Kache."

Kimya. Watu wote uani walikuwa wananitazama mgongo, na nilijua nikipiga ya tatu isiitikiwe nitageuka niende zangu, na itakuwa haki yangu. Nilikaa muda mrefu kabla ya kuipiga.

"Hodi."

Nikasikia kiti kikisogezwa.

"Karibu," akasema Kache. "Lakini ushauri wako uache hapo nje, pamoja na viatu."

Nikavua viatu.